Semeni ana kibali cha kujenga, hathubutu kuchimba choo

“Kibiti hii yote, kutoka stendi mpaka huko mikoroshoni, nitajieni mkandikaji mmoja mwenye kibali cha kujenga chenye muhuri wa wilaya. Mmoja tu! Hayupo. Ni mie Semeni. Mfungo huu nitafuturu sebuleni kwangu, na nyie mtapiga hodi!”

Ni asubuhi mapema, umande haujakauka. Anayesema hayo amezama hadi magotini katika tope jekundu, kanga kaipandisha na kuifunga kiunoni, miguu inapanda na kushuka kama anatwanga. Wenzake watatu wanacheka. Wanakandika jiko la uani la mfanyabiashara mmoja hapa mjini, na jiko lenyewe bado ni fito tupu. Unamwona jirani kupitia ukutani.

“Hodi tupige mlango upi, Semeni?” anauliza Mwanahalima, ambaye amekanyaga udongo pamoja naye tangu wote wawili wakiwa wasichana. “Mlango unao?”

“Mlango utakuja. Kibali kwanza.”

“Haya, Bibi Kibali. Lete maji, udongo unakauka.”

Hayo ni ya asubuhi, na yanasemwa kwa sauti ya kufika barabarani. Alasiri, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu imepauka kwa udongo mkavu, Semeni anamwambia mwandishi wa makala haya maneno mengine, na sauti haifiki hata mlangoni.

“Kibali ninacho, mwanangu. Nyumba sina, na sijui kama nitakuwa nayo. Yale ya asubuhi ni maneno ya kazini. Tope halikanyagiki kwa kilio.”

Semeni Sadala ana miaka arobaini na sita. Tangu alipotoka unyagoni kazi yake ni hii: kuchota maji, kukatakata udongo kwa jembe, kuukanyaga mpaka ulainike, kisha kuujaza kwa mkono katikati ya fito za nyumba ya mtu mwingine. Kwa siku hupata shilingi elfu moja. Siku nyingine hupata sahani ya wali na ahadi.

Zamani mkandikaji alikuwa mtu wa kubembelezwa. Tangu mambo yawe ruksa, saruji imejaa madukani, na kila aliyeuza korosho vizuri anataka nyumba ya tofali. Wakandikaji wamebaki kuitwa majikoni na kwenye mabanda.

“Nilikuwa nakandika sebule za watu,” anasema. “Siku hizi nakandikia kuku. Na kuku hawajui kusema ahsante.”

Kiwanja chake kiko nyuma ya barabara kuu, mahali palipokuwa shamba la korosho la mumewe, Nassibu. Mwaka 1993 wapima ardhi walikuja na minyororo yao wakalikata shamba vipande. Mume na mke waliachiwa kipande kimoja na barua ya ofa. Barua ilikuwa na masharti: wajenge nyumba ya kudumu, kwa kibali, kabla ya muda waliopewa kwisha. La sivyo kiwanja kinarudi serikalini na kupewa mwingine.

Nassibu alikuwa ameshapunguzwa kazi kwenye ghala la korosho. Akaingia delta kukata boriti za mikoko, apate fedha za bati. Huko gogo likamwangukia. Walimrudisha kwa mtumbwi hadi nchi kavu akiwa hasemi, na hakusema tena.

Msiba ulipokuwa bado mbichi, watu wenye fedha walikuwa wameanza kukimezea mate kile kiwanja. Mjane, barua ya ofa na mkorosho mmoja. Walidhani ni suala la kungoja. Ndipo kaka wa marehemu, Zaidi, aliyekuja kuzika kutoka Ruaruke, akasimama mbele ya waombolezaji akatoa kauli.

“Nassibu azikwe kiwanjani kwake. Tuone nani atamtoa.”

Hakuna aliyepinga. Kwa watu wa huku hapana hati inayoshinda kaburi. Kesi ya shamba ikifika barazani, wazee huuliza neno moja tu: nani kalala pale? Ukimtaja mtu wako na jina la baba yake, mwenzako anachukua kofia yake na kwenda zake. Kwa hiyo wazee walikizunguka kiwanja, wakapima kwa macho, wakachagua pembe ya nyuma, upande wa mawio, mbali na kisima cha jirani. Nassibu akalazwa hapo, wakamwekea vijiti viwili, kichwani na miguuni.

“Nikalala usingizi, mwanangu,” anasema Semeni. “Wenzangu wana barua. Mie nina barua, na nina mume juu yake.”

Chini yake, kwa kweli. Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Akaanza kudunduliza. Muda wa ofa ulipokaribia kwisha akaomba aongezewe, akaongezewa hadi mwisho wa Desemba mwaka huu wa 1997. Mapema mwaka huu akaona sasa ni wakati. Huwezi kuomba kibali bila ramani ya nyumba, hivyo akamwendea Mwalimu Paschal, anayefundisha shule ya msingi na kuchora ramani za watu siku za mapumziko.

Mwalimu Paschal akaja na utepe wake wa kupimia. Alipofika pembe ya nyuma akasimama.

“Mama, na hiki nini?”

“Baba watoto.”

Mwalimu akavua kofia. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kanuni, akaivaa tena na kuchora kila alichokiona: sebule, vyumba viwili, jiko, choo, mkorosho, kaburi. Ilitoka ramani safi kabisa. Pengine ndiyo ramani pekee ya nyumba katika nchi hii iliyoonyesha hadi mahali mwenye nyumba alipolala.

Ofisi ya ardhi iko ng'ambo ya mto. Semeni alivuka na pantoni, ramani kaifunga ndani ya kanga isilowe, akangoja kwenye benchi la ukumbini mpaka akaitwa. Ndani alimkuta Bwana Damas, afisa ardhi, mtu wa bara, mwenye sauti ya upole na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mazungumzo yao Semeni anayasimulia kwa sauti mbili, yake na ya bwana.

“Mama, hapa kwenye pembe pameandikwa nini?”

“Kusoma sijui, baba. Ila hapo ni mume wangu.”

“Hiki ni kiwanja cha makazi.”

“Naye anakaa, baba.”

Bwana Damas hakucheka. Alimweleza kwamba katika kiwanja cha makazi mjini hazikwi mtu. Kaburi lihamishwe kwa taratibu: ndugu waridhie, sheikhe awepo, watu wa afya wawepo. Bila hivyo hatii sahihi, na muda wa ofa hausubiri.

“Na kwenu, baba, mnazika wapi?”

“Nyumbani. Migombani.”

“Aa.”

“Lakini kwetu si mjini, mama.”

“Na hapa hapakuwa mjini. Mji umetufuata tumelala.”

Bwana Damas alivua miwani yake akaifuta, akaivaa, akamrudishia ramani. Semeni anasema hana kinyongo naye. “Alikuwa ananionea huruma. Lakini huruma haina muhuri.”

Akaenda Ruaruke kwa shemeji yake. Zaidi alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chakula, kisha akamjibu kabla hajanawa.

“Shemeji, ndugu yangu si muhogo, hafukuliwi. Siku utakayomgusa, usinijue wala nisikujue.”

“Ni wewe uliyesema azikwe pale.”

“Nilisema azikwe. Sikusema azikuliwe.”

Basi akawa mtu wa katikati. Kaburi lililowekwa ili asinyang'anywe kiwanja ndilo hilo sasa linamnyang'anya. Alirudi Kibiti, akarudi topeni, na kwa mara ya kwanza, wenzake wanasema, alikanyaga siku nzima bila kusema neno.

Siku moja, wakati wa mapumziko, alilisimulia jambo hilo kwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Watu walitikisa vichwa, wakapuliza chai. Hapo mtu mmoja, mpita njia tu, akatia neno la mzaha. Kwani kaburi lenyewe limejengewa, akauliza. Si tuta la udongo na vijiti viwili? Mama ang'oe vijiti, asawazishe tuta, apande matembele. Wenye ofisi wakija wataona mboga.

Kibanda kizima kikacheka. Mpita njia akamaliza chai yake, akaenda zake. Semeni hakucheka.

“Watu walidhani ule ni utani,” anasema. “Mie nilisikia njia.”

Alifanya mwenyewe, asubuhi moja kabla ya kwenda kazini. Hakutaka msaada.

“Nilianza kwa kumwomba radhi. Nikamwambia, baba Nasma, sikutupi, nakuficha. Nikang'oa kijiti cha miguuni kwanza. Cha kichwani kilinishinda, nikakaa chini. Nikakaa, nikakaa. Halafu nikakitoa nacho.”

Alijifariji kwa neno alilowahi kulisikia kwenye mawaidha, kwamba kaburi halina haja ya kunyanyuliwa juu. Kisha akamwagia maji, akakanyaga. Mguu wa mkandikaji ukisawazisha ardhi, ardhi husawazika. Hata yeye mwenyewe, anasema, siku ya pili ilimbidi ahesabu kutoka kwenye mkorosho ndipo ajue mumewe yuko wapi. Akapanda matembele. Yakashika upesi kuliko kawaida. Nasma, binti yake, hajawahi kuyachuma, wala yeye hamwambii ayachume.

Mwalimu Paschal akachora ramani ya pili. Safari hii hakuja na utepe na hakuuliza kitu.

“Kaburi limekwenda wapi?” akauliza Bwana Damas ng'ambo ya mto.

“Limekwisha, baba.”

“Limekwisha vipi?”

“Ndugu wamemaliza.”

Semeni anakwangua udongo kwenye kifundo cha mguu kwa ukucha. “Huo ndio uongo wangu,” anasema. “Maneno mawili.”

Afisa aliitazama ramani muda mrefu. Mwishowe akasema atamtuma mtu wa afya akakague kiwanja. Huyo akiandika kwamba haoni kaburi, yeye atatia sahihi kwa alichoandikiwa.

Aliyetumwa ni Rozalia, msichana mpole kutoka bara, mgeni kabisa kazini. Alifika na daftari, nyundo na vigingi, akaamkia vizuri, akakataa kiti kwa kuwa alikuwa na viwanja vingine vya kukagua. Hakuona kaburi. Akaandika. Semeni akaanza kupumua.

Kisha Rozalia akatazama mahali Mwalimu Paschal alipochora choo.

“Hapa hapafai, mama. Kisima cha jirani kile pale. Mtamnywesha jirani maradhi.”

“Tufanyeje, mwanangu?”

“Tutafute mahali mbali na maji.”

Akaanza kutembea, huku akipima kwa hatua. Akaipita sebule ambayo haijajengwa, akavipita vyumba ambavyo havijajengwa, akaenda moja kwa moja hadi pembe ya nyuma, upande wa mawio, akasimama katikati ya matembele na viatu vyake vyeusi.

“Hapa,” akasema. “Hapa ndipo hasa. Mboga utazihamisha.”

Wazee waliozika walitafuta mahali mbali na kisima. Bibi Afya naye alitafuta mahali mbali na kisima. Kiwanja ni kidogo, na mahali pa namna hiyo palipobaki wazi ni hapo tu.

“Nilitaka kumwambia, vua viatu, mwanangu,” anasema Semeni. “Akapiga vigingi vinne. Cha kwanza, cha pili. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: hicho kichwani, hicho miguuni. Akanipa mkono wa kwaheri, akaniambia hongera, mama, utapata kibali chako.”

Na alipata. Kimekuja na muhuri wa bluu, na chini yake pameandikwa sharti ambalo Nasma alimsomea mara tatu, kwa kuwa alidhani mtoto anakosea. Shimo la choo lichimbwe kwanza, mahali palipopigwa vigingi. Likishakaguliwa ndipo msingi wa nyumba uanze. Kazi ionekane kabla ya mwisho wa Desemba.

Akichimba pale, anamchimba Nassibu kwa mkono wake na kuweka choo juu yake. Akichimba pengine, mkaguzi anamkatalia. Akieleza sababu, amekiri kwamba aliidanganya ofisi. Na akikaa kimya tu, Desemba inakwisha na kiwanja kinakwenda, na huyo atakayepewa atafuata vigingi, maana yeye hajui.

“Hilo la mwisho ndilo linaloniamsha,” anasema. “Mgeni hana kosa. Atachimba tu.”

Kwa sasa anaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga, yeye, Nasma na wajukuu wawili. Mvua za vuli zimeanza na ukuta wa nyuma umelala chini. Wameziba kwa gunia na kipande cha turubai. Mwandishi alimuuliza kwa nini yeye, fundi wa kukandika, asiukandike.

“Wa mtu huo. Mwenye nyumba anangoja udondoke wote apige tofali. Nikiukandika nitakuwa nimemwudhi.”

Mwanahalima, aliyekuwa anapita na ndoo, akadakia. “Mwambie na ulivyompiga chenga juzi.”

“Sikumpiga chenga.”

“Alikuja kudai kodi, huyu akajifanya hajambo lakini hasikii. ‘Eeh? Eeh?’ Mwenye nyumba kapiga kelele mpaka kakohoa, kaenda.”

Walicheka wote wawili, Semeni kwa mkono mdomoni. Kicheko hakikudumu.

Anachokitaka sasa ni kidogo kuliko alichokiombea kibali. Jumatatu atavuka mto. Hataki barua wala hataki mtu wa kumsemea. Anataka kumwambia Bwana Damas kwa mdomo wake kwamba kaburi lipo, lilikuwapo siku zote, na ni yeye aliyelisawazisha.

“Nitamwambia, nifutie chumba kimoja. Choo kiingie pale chumba kilipokuwa, katikati, mbali na kisima na mbali na mume wangu. Mie na Nasma na watoto tutabanana kwenye kilichobaki, kubanana tumezoea. Akikubali, nakandika usiku na mchana, bati moja moja mpaka zitimie. Asipokubali, akichukue kiwanja. Lakini aandike kwenye karatasi ya huyo anayempa kwamba pale pana mtu. Hilo tu. Aandike.”

Aliulizwa kama haogopi kushitakiwa kwa kudanganya.

“Naogopa. Lakini naogopa zaidi kufa, nikamkute Nassibu, aniulize.”

Semeni alikubali habari zake ziandikwe kwa sharti moja: asomewe kabla hazijapelekwa gazetini. Kwa hiyo juzi mwandishi alirudi kwenye lile jiko la uani. Kuta tatu zilikuwa zimeshajazwa, wanawake walikuwa kwenye ya nne. Semeni alisema asome tu, mikono inafanya kazi, masikio yako huru.

Alisomewa kuanzia mwanzo. Kwenye ramani ya Mwalimu Paschal walicheka. Kwenye kibanda cha chai, Mwanahalima akanyanyua mkono uliojaa udongo.

“Rudia hapo.”

Mwandishi akarudia: mtu mmoja, mpita njia tu, akatia neno la mzaha.

“Mpita njia yupi?”

Mwandishi akasema habari za magazeti huwa hazitaji kila mtu.

“Kijana, wee,” akasema Mwanahalima, “benchi lilikuwa moja. Mie huku, Semeni katikati, na wee kule mwisho, andazi mkononi. Ulisema apande matembele. Ukacheka mpaka chai ikakutokea puani, nikakupa ncha ya kanga yangu ujifute. Ndiyo kupita njia huko?”

Wale wanawake wengine wawili wakaacha kukandika. Semeni hakugeuka. Alichota tonge la udongo, akalipiga kati ya fito mbili, akalilainisha kwa kiganja.

“Mwache, Mwanahalima,” akasema. “Tangu alipokuja na kalamu yake nilikuwa nangoja nione kama ataliandika.”

“Ndiyo kaliandika, kampa mtu asiyekuwapo.” Mwanahalima akajifuta mikono, akaja akasimama karibu na karatasi ambazo hawezi kuzisoma. “Futa hapo. Weka jina lako na la baba yako, halafu usome tena, tusikie.”